Mashine ya ngoma au niendelee na programu? Nina 62,000 na mjomba mwenye orutu

Odhis_Umoja

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri, na mnivumilie kwa urefu, maana nikifupisha mtanijibu jambo ambalo sikuuliza.

Natengeneza biti tangu 2017. Naishi Umoja, chumba kimoja. Mchana niko kwenye duka la M-Pesa, na usiku kuanzia saa tatu ndipo nafungua laptopu. Ni ya ex-UK, i5, ramu 8, diski bado ile ya kuzunguka. Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Biti zangu nawauzia vijana wa mtaani wanaofanya gengetone na drill, na moja moja huingia kwenye video za harusi. Kwa kazi hiyo programu haijawahi kuniangusha.

Shida imeanza mwezi wa nne. Mjomba wangu alitoka Siaya kuja kutibiwa jicho, akafikia kwangu, na alikuja na orutu yake. Kama hujawahi kuiona, ni chombo cha uzi mmoja tu. Unasuguliwa kwa uta, vidole vinateleza juu ya uzi bila kizuizi chochote, kwa hivyo noti zake haziko pale kinanda kinapotaka ziwe. Jioni moja nilikuwa nasikiliza biti niliyoimaliza, akaichukua orutu kitandani akaanza kupiga juu yake. Mwili ulinisisimka. Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi kila Jumapili, na kuna mkahawa Westlands wametuambia tuje tupige saa moja nzima mbele ya watu.

Hapo ndipo ninapokwama. Nikigonga ngoma kwenye kibodi ya USB, sauti inakuja imechelewa. Mjomba anasema namjibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Halafu yeye haendi kwa saa. Akikolea anaongeza kasi, akifika mahali pa kusimulia anapunguza, na mimi wakati huo natafuta kwa kipanya pale juu pa kubadilisha tempo. Nikipapata, yeye alishapita. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba simwangalii. Saa nzima macho yako kwenye skrini kama mtu anayehesabu floti ya duka, na mzee wa miaka 67 ananipigia mimi, si ukuta.

Sasa kuna jamaa South B anauza mashine ya ngoma, yaani sanduku la kielektroniki linalotoa sauti za ngoma, Roland TR-8, ile nyeusi yenye ukingo wa kijani, kwa 52,000. Zamu yangu ya chama imefika, nina 62,000. Pesa hiyohiyo ingenipa laptopu nzuri zaidi. Je, mashine ina kitu ambacho programu haina, au nitakuwa nimenunua taa za rangi? Hii ni akiba ya mwaka mzima, naomba mnijibu kama mnavyomjibu ndugu yenu.

Sauti_ya_Kamulu

Nunua, kaka. Nakuambia kwa sababu nilikuwa hapo ulipo.

Mimi nina Volca Beats ya Korg tangu 2016. Ni kadude kadogo ka ngoma, kana hatua 16 (nafasi za kupangia mapigo) kama mashine nyingine za ngoma, hakana maajabu. Lakini mkono wangu unajua kila kitu kilipo gizani. Kuna usiku huku Kamulu stima zilipotea tukiwa juu ya paa kwenye sherehe ya shemeji yangu. Kanatumia betri 6 za kawaida na kana spika yake ndogo. Watu walipiga makofi wakikazunguka mpaka saa saba, tukiimba. Laptopu ingekuwa hapo ningekuwa nahangaikia mwanga wa skrini na asilimia ya betri.

Jambo lingine. Kwenye programu nina mafaili mamia ambayo sijamaliza, kwa sababu kila nikitaka kumaliza naona kuna ngoma nyingine 3,000 za kujaribu kwenye folda. Kwenye kadude kangu kuna ngoma 10. Ukishazijaribu zote umebaki na kazi moja, kupiga. Kwa mtu anayecheza na mzee wa orutu, naona hiyo ndiyo njia. TR-8 haitumii betri lakini, hilo ulijue kabla ya kutoa pesa.

MamaLehemu

Odhis mwanangu, usitoe hata shilingi kabla hujasoma hii mpaka mwisho.

Mimi ni fundi. Nimekaa barabara ya Luthuli, Nairobi, miaka 23, tangu tulipokuwa tukifanya kazi katikati ya honi za matatu kabla barabara haijatengenezwa upya 2019. Kazi yangu ni vinanda, mikisa na ampu. Mashine za muziki nimezifungua nyingi kuliko nilizozisikia zikipigwa, kwa hivyo nakuambia kilicho ndani.

Hiyo TR-8 ilitoka 2014. Ukiifungua hutakuta mzunguko wa ngoma ya besi wala wa matoazi. Utakuta chipu. Roland waliandika programu inayokokotoa jinsi mizunguko ya TR-808 na TR-909 za zamani ilivyokuwa ikifanya kazi, wakaiweka kwenye sanduku lenye vifundo vya kuzungusha. Kwa hivyo usifikiri unahama programu kwenda mashine. Unahama programu moja kwenda nyingine iliyopewa mahali pa kushika. Pengine mahali pa kushika ndipo unapopahitaji, sikatai. Ila ujue hicho ndicho unacholipia, usije ukaniletea baadaye ukiniuliza mbona haina "sauti ya kizamani".

TR-808 yenyewe ndiyo ilikuwa transista na kapasita tupu. Ilitengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, kama 12,000 tu dunia nzima. Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alinunua kwa makusudi transista zilizokataliwa kwa kasoro, kwa sababu mchakarisho wao ndio uliompa sauti aliyoitaka. Viwanda vilipoboresha kazi yao, transista mbovu zikaadimika, na mashine ikakoma kutengenezwa. Mimi kwa ufundi wangu habari hiyo naipenda mno. Kila ninapotupa kipuri kibovu naikumbuka.

Lakini kinachokuhusu wewe ni kilichofuata. Watu walitaka ngoma zinazofanana na ngoma halisi, 808 haikufanana, bei ikaanguka, ikawa mtumba. Vijana wa Marekani wasio na pesa ya studio wakaichukua kwa sababu ndiyo waliyoweza kuimudu. TB-303, mashine ya besi ya Roland, nayo ilikusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa asiye na mtu wa besi. Ikashindwa sokoni, ikaachwa 1984, vijana wa Chicago wakaikuta kwa bei ya chini, wakaipindua vifundo mpaka ikalia kama mnyama, na muziki wa acid house ukazaliwa. Hakuna hata mmoja aliyefuata jina. Walifuata kilichokuwa rahisi kupatikana mtaani kwao. Sasa mtaani kwako Umoja, mwaka huu, kilicho rahisi kupatikana ni nini? Ni hiyo ex-UK iliyo mapajani mwako.

Tuje kwenye kuchelewa, maana hapo nina hakika unalaumu programu kwa kosa la mipangilio. Kompyuta haitoi sauti tone moja moja, inakusanya fungu kisha inalimwaga. Fungu hilo ndilo bafa. Sauti ikiwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa yako ni 1,024, umesubiri milisekunde 23 kabla ya lolote kutoka. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ni kana kwamba ngoma yako iko mita 8 kutoka ulipokaa, na hapo sijahesabu ucheleweshaji mwingine wa Windows yenyewe. Mjomba wako hana shule ya kompyuta lakini kasikia sawasawa. Ishushe mpaka 128 uone: milisekunde 3, mita moja, mtu aliyekaa kando yako kwenye kochi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya FL, toka kwenye dereva (programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa cha sauti) la kawaida la Windows, chagua la ASIO, lile lisilochelewesha, teremsha bafa, zima waifai. Ikianza kukwaruza panda 256. Hilo ni bure, lifanye leo usiku.

Tempo nayo inaweza kufungwa kwenye kifundo cha kibodi yako ya USB. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya tempo, utaona pa kuiunganisha. Jaribu nyumbani kwanza, kwa sababu kifundo kimoja kinabeba kasi zote kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na ukikigusa kwa pupa muziki utaruka kama mbuzi.

Nikueleze na la mtumba. 2009 mteja aliniletea kinanda kilichotoka Japani. Huko umeme wa nyumbani ni volti 100, wetu ni 240. Nilikuwa na haraka, nikakichomeka bila transfoma ya kushusha. Moshi ulitoka kabla sijaondoa mkono kwenye swichi. Nililipa kile kinanda kwa miezi mitano. Mara nyingine nilibadilisha betri ya ndani ya DX7, kinanda cha Yamaha, ya mpiga benga mmoja bila kuhifadhi kwanza sauti zake. Kumbukumbu ya DX7 inashikiliwa na ile betri, na ina sauti 32. Zote zilipotea, na kati yake ilikuwemo ile aliyorekodia kanda zake zote. Alikaa kwenye kiti changu akanyamaza kwa muda mrefu, na mimi sikuwa na la kumwambia. Sikusimulii haya ili kukutisha usinunue mashine. Faili lako la FL unaweza kulinakili mara kumi kabla ya chai. Mashine ina njia zake za kufa, na anayeijua ni aliyeifungua.

Ushauri wangu ni huu: rekebisha bafa, mwombe yule jamaa akuazime kwa siku mbili, upige na mjomba kwa zote mbili. Halim El-Dabh wa Misri alifanya muziki wake wa kwanza wa kielektroniki Cairo mwaka 1944 kwa mashine ya kurekodi kwa waya aliyoazima kwenye kituo cha redio. Kuazima si aibu.

Temeke_BPM

Mkuu, salamu kutoka Dar. Nimepita tu lakini mada imenigusa.

Huku muziki wetu wa singeli unapita mapigo 200 kwa dakika, na mwingi umetengenezwa kwenye kompyuta za kawaida kabisa, chumbani, feni inavuma. Lile albamu la studio ya Sisso, lililotolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, likasambaza singeli dunia nzima, halikutengenezwa kwa masanduku ya gharama. Na jukwaani vijana wanapiga kwa laptopu hiyohiyo. Kwa hiyo mama fundi yuko sahihi kuhusu kilicho rahisi mtaani.

Lakini la macho kwenye skrini ni kweli tupu, na dereva halitalitibu. Mimi nililimaliza kwa kanga ya mke wangu. Ukishafungua mradi na kupanga vipande vyako kwenye pedi, funika skrini. Usichungulie mpaka wimbo uishe. Wiki ya kwanza utakosea sana, utapiga toazi pale pa besi. Wiki ya tatu utashangaa umejua vipande vyako kuliko ulivyovijua ulipokuwa ukiviona.

Na kuhusu noti za mjomba, usimlazimishe aje kwenye kinanda. Huku ukisikiliza zeze ya Wagogo utaelewa ninachosema, ukiinyoosha imekufa. Ipo sinthesaiza (programu inayotengeneza sauti za ala) ya bure inaitwa Surge XT, unaipa jedwali lako mwenyewe la noti, nayo inalifuata. Mrekodi mjomba noti moja moja, pima kila moja iko juu au chini kiasi gani, andika jedwali. Kazi ya jioni mbili. Hiyo mashine ya ngoma haitakufanyia hilo hata ulipie laki.

Odhis_Umoja

Mama, Temeke, Kamulu, asanteni sana. Nimechukua wiki mbili kujibu kwa sababu nilitaka kufanya kwanza.

Mama, bafa ilikuwa 2,048. Sikuwahi kuigusa tangu 2017. Niliishusha hadi 256, kwa 128 laptopu inakwaruza nikiweka sinthesaiza mbili. Jumapili mjomba alipiga dakika kama kumi, akasimamisha uta, akaniuliza nimevuka lini. Sikumwelewa mara moja, kisha nikakumbuka ule mto. Nilifurahi hadi nikatoka nje kidogo.

Kanga nayo nilitumia, ya mama yangu mzazi, ile iliyobaki hapa aliponitembelea Desemba. Inafanya kazi. Siku ya kwanza nilimaliza wimbo mmoja tu bila kuchungulia, lakini niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona miezi yote: mjomba akitaka kupunguza kasi huinamisha kichwa upande wa jicho bovu, mapema kabisa kabla uta haujapungua. Alikuwa ananipa ishara tangu mwezi wa nne.

Jedwali la noti bado. Nimemrekodi lakini kila nikimwomba arudie noti ileile anaweka nyingine jirani yake, na zote mbili anasema ndiyo hiyo. Temeke, hapa nitakurudia.

Kisha ile mashine. Jamaa wa South B alikubali niache 10,000 nikae nayo Ijumaa hadi Jumatatu. Nilitarajia kuwaandikia kwamba mama alisema kweli na nimeirudisha. Kuhusu sauti, mama alisema kweli: nikifumba macho siwezi kutofautisha ngoma zake na nilizo nazo kwenye FL kwa namna ambayo ingenifanya nitoe 52,000.

Lakini Jumamosi jioni tulikuwa tumeiweka kwenye stuli kati yangu na yeye. Nikaweka ngoma ya besi hatua 4 tu, polepole. Mjomba akasikiliza, akasema ngoma yako inagombana na uzi wangu. Nilikuwa nataka kumweleza kwamba nitaishughulikia baadaye. Yeye akauliza hiki cha kuzungusha ni cha nini. Nikamwambia kile kinapandisha na kushusha noti ya ile ngoma. Akaweka uta mapajani, akanyoosha mkono, akawa anakizungusha kidogo kidogo huku anagusa uzi kwa kidole, kama anavyoikaza orutu yenyewe. Alichukua muda. Alipoacha, ngoma na uzi vilikuwa kitu kimoja, na chumba kizima kilitetemeka kwa namna nyingine. Halafu akaongeza kirefusho cha ngoma, kile kinachofanya mlio udumu zaidi, bila kuniuliza.

Miezi yote hiyo yuko kwangu hajawahi kugusa laptopu. Si kwamba hawezi, ni mtu mwenye akili sana, ila haoni kama ni mahali pake. Ile mashine aliigusa kabla sijamaliza kueleza. Usiku tukipiga, yeye ndiye alikuwa anashusha na kupandisha besi katikati ya nyimbo, na mimi nikibaki na pedi zangu na laptopu chini ya kanga. Sasa tunapiga wawili kweli. Kwa hivyo nimeamua kuichukua, mama, na natumaini hutanikasirikia. Jamaa ameshuka hadi 47,000, na ile 10,000 iko ndani yake. Kilichobaki nitanunulia diski ya SSD na intafesi ndogo ya sauti (kifaa cha nje cha kuingiza na kutoa sauti) ya mtumba yenye ASIO yake.

Ninaomba jambo moja. Adapta yake imeandikwa kwa maandishi madogo ambayo siwezi kuyasoma vizuri, na kifundo cha matoazi kinakwaruza nikikizungusha. Naweza kukuletea Jumamosi kabla sijamlipa salio? Mjomba ana kliniki ya mwisho ya jicho Jumatatu na shoo ya Westlands ni Ijumaa inayofuata.

MamaLehemu

Nikukasirikie kwa nini? Hukuniambia kwamba mjomba naye ana mikono.

Ilete Jumamosi kabla ya saa tano, foleni ikiwa haijaanza. Njoo na adapta yake yenyewe, usiichomeke tena popote mpaka niione. Nikikuta imeandikwa 100 hadi 240 utarudi nayo, nikikuta 100 peke yake nitakupa transfoma. Kifundo kukwaruza mara nyingi ni vumbi, dawa ya kusafishia na dakika ishirini.

Na mjomba aje na orutu.